Mashine tumechangia, mikono je?

JUMAMOSI mbili zilizopita wanachama wa chama chetu cha watu wa nyumbani tulikutana kwenye ukumbi wa kukodi hapa Northampton. Mkutano ulitangazwa saa nane mchana, ukaanza saa kumi. Saa za kwetu tumekuja nazo hadi Ulaya. Sambusa zilikuwepo, chai ya tangawizi ilikuwepo, na ajenda ilikuwa moja tu: kuchangia pauni elfu ishirini na tano tununue mashine ya upasuaji wa matundu madogo, ile inayoitwa laparoskopi, tuipeleke kwenye hospitali moja ya nyumbani.

Picha ya mashine ikaoneshwa ukutani kwa projekta. Televisheni, kamera, taa, pampu ya gesi na mtungi wake, vyote vimepangwa juu ya kigari chenye magurudumu. Ukumbi ukapiga makofi. Hapo nikanyoosha mkono nikauliza: "Bwana Mwenyekiti, nani ataishika?"

Mwenyekiti akajibu kwamba hospitali ile ina madaktari bingwa wawili wa upasuaji, watu wazima, wenye uzoefu wa miaka mingi. Nikauliza tena: hao mabingwa wamekwishafanya operesheni ngapi za namna hii, na nani aliyewasimamia? Mzee mmoja wa safu ya mbele akageuka akanitazama. "Binti yangu," akasema, "wenzako wanawasha taa, wewe unataka kuizima?" Watu wakacheka. Nikakaa chini.

Naandika makala hii kwa sababu sikumaliza kusema.

Ndugu wasomaji, mimi si daktari. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Uingereza, mwaka wa kumi na tano sasa. Kazi yangu ni kusimama kando ya mpasuaji, kumkabidhi vyombo, kuvihesabu kabla hajaanza na kuvihesabu tena kabla hajafunga. Kwa kazi hiyo mtu hujifunza kusoma mikono. Nimeona mikono inayokwenda kama ya fundi cherehani wa zamani, na nimeona mikono ya bingwa mwenye jina kubwa ikitokwa jasho ndani ya glavu kwa sababu siku hiyo alikuwa anafanya kitu kigeni kwake.

Wala siupingi upasuaji wa matundu madogo. Ningekuwa mwendawazimu kuupinga. Zamani mgonjwa mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo alichanwa chini ya mbavu mchano mrefu, akalala wodini siku nyingi, akakaa wiki kadhaa hawezi kuinua ndoo ya maji. Siku hizi anatobolewa matundu manne, kubwa kuliko yote likiwa na upana wa sentimita moja hivi. Tumbo linajazwa hewa ya ukaa likanyanyuka kama hema, kamera inaingia kitovuni, vyombo vyembamba vinaingia kwenye matundu mengine, na mfuko wa nyongo unatolewa. Wagonjwa wengi wanarudi nyumbani siku ileile au kesho yake. Kidonda ni kidogo, maumivu ni kidogo, usaha ni nadra.

Na anayefaidika zaidi si tajiri. Tajiri ana likizo ya ugonjwa na mshahara unaingia. Anayefaidika ni mama ntilie ambaye asipowasha jiko leo watoto hawali kesho, ni mvuvi, ni mbeba mizigo wa sokoni. Kwa hiyo wazo la chama chetu ni zuri. Kasoro yake ni kwamba linaanzia mwisho.

Wengi wetu tunadhani daktari anayejua kupasua tumbo kwa kisu anajua pia kupasua kwa kamera, kama vile anayejua kuendesha Corolla anavyoweza kuendesha Land Cruiser. Sivyo. Nitajaribu kueleza kwa mfano wa kwetu. Aliyewahi kukaa nyuma ya mashua akashika kana ya usukani anajua kwamba ukisukuma kana kulia, chombo kinageuka kushoto. Siku ya kwanza unaogopa, unakwenda mrama, nahodha anakutukana. Baada ya muda mkono unazoea hata hufikiri tena. Chombo cha laparoskopi kinapita kwenye tundu la ngozi ya tumbo, na tundu lile ndilo mhimili wake. Mpasuaji akipeleka mkono kulia, ncha iliyo tumboni inakwenda kushoto. Akiinua mkono, ncha inashuka. Sasa mpe kana mbili kwa pamoja, moja kila mkono, halafu mwambie asitazame mikono yake, atazame televisheni.

Televisheni yenyewe kwa kawaida haina kina. Jicho haliambiwi kama mshipa uko mbele au nyuma ya kile unachotaka kukata. Vidole navyo vimenyimwa kazi: mpasuaji wa kisu hupapasa, akajua hapa pana jiwe, hapa panadunda, hapa ni pagumu. Mwenye laparoskopi anapapasa kwa fimbo ya sentimita thelathini na kitu. Na damu ikitoka ghafla hawezi kuikandamiza kwa kidole. Tone moja likiruka likagusa kioo cha kamera, ukumbi mzima unaona wekundu mtupu. Hapo ndipo ninapomjua aliyefundishwa na asiyefundishwa. Aliyefundishwa hutulia, husafisha kioo, hutafuta damu inatoka wapi, na akiona haimtii anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "tunafungua", nasi tunamkabidhi kisu. Kufungua tumbo si aibu. Kujua wakati wa kufungua ni sehemu ya elimu yenyewe, na huenda ni ile sehemu isiyofundishika kwa siku tatu.

Haya si maneno yangu ya barazani. Dunia imekwishayalipia. Daktari Erich Mühe aliutoa mfuko wa nyongo kwa njia hii mwaka 1985 huko Böblingen, Ujerumani, na wenzake wakamkebehi. Mwaka 1987 Philippe Mouret akafanya hivyo Lyon, Ufaransa, na baada ya hapo habari zikaenea kama moto wa makuti. Wagonjwa wa Marekani wakaanza kuutaka kwa jina. Hospitali zikashindana kuutangaza. Madaktari ambao maisha yao yote walikuwa watu wa kisu wakahudhuria kozi za mwisho wa wiki, wakajaribia kwa nguruwe, na Jumatatu wakaanza kwa watu.

Matokeo yake, mwaka 1992 Idara ya Afya ya jimbo la New York, baada ya kupokea taarifa za vifo na madhara makubwa, ilitoa mwongozo kwamba mpasuaji asiachiwe kufanya kazi hii peke yake mpaka awe ameifanya mara 15 chini ya usimamizi. Mwaka 1995 ukachapishwa uchunguzi wa wapasuaji 55 wa kusini mwa Marekani waliokuwa wamefanya operesheni zaidi ya 8,800 kwa jumla. Ajali mbaya kuliko zote katika kazi hii ni kuukata mrija mkuu wa nyongo, ule unaotoka kwenye ini kwenda utumboni. Waligundua kwamba ajali tisa katika kila kumi zilitokea ndani ya operesheni 30 za mwanzo za mpasuaji husika. Kwa hesabu yao, hatari katika operesheni ya kwanza ni kama 17 kwa kila wagonjwa 1,000. Akifika ya hamsini inashuka chini ya 2 kwa 1,000.

Isome tena hesabu hiyo, ndugu msomaji. Mgonjwa ni yuleyule, ugonjwa ni uleule, mashine ni ileile. Kilichobadilika ni mkono, pamoja na jicho. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walichambua ajali 252 za mrija wa nyongo wakitafuta chanzo chake, wakakuta kwamba karibu zote, 97 kwa kila 100, zilitokana na jicho kudanganywa. Mpasuaji alikuwa anaona mrija mkuu na akili yake inamwambia ni ule mdogo unaopaswa kukatwa. Mkono haukuteleza hata kidogo. Ulikata vizuri sana, mahali pasipo. Ndiyo maana tangu mwaka 1995, kwa mafundisho ya Daktari Steven Strasberg, mwanafunzi huambiwa asikate chochote mpaka asafishe pale mahali na kuona wazi kwamba ni vitu viwili tu, mrija mmoja na mshipa mmoja, vinavyoingia kwenye mfuko. Asipoona hivyo, aache.

Sasa niseme kilichoninyanyua mkono siku ile ukumbini.

Shangazi yangu anaishi Pangani. Miaka kadhaa iliyopita alisumbuliwa na mawe ya nyongo, na watoto wake wakachanga wakampeleka hospitali moja ya kulipia katika mji mwingine. Sitaitaja. Hospitali hiyo ilikuwa imepata mashine mpya ya msaada, na bango lake lilikuwa limetundikwa barabarani. Shangazi akaambiwa kesho utalala kwako. Hakulala kwake. Siku ya tatu tumbo likajaa, akaambiwa ni gesi, itatoka. Siku ya tano macho yakawa manjano. Siku ya tisa akahamishiwa hospitali nyingine, akafunguliwa tumbo, ikaonekana mrija mkuu umebanwa kwa klipu mbili na kukatwa katikati, safi, kama ilivyoandikwa kwenye vitabu. Ilichukua miezi minane na operesheni mbili zaidi mpaka ini lake likaunganishwa na utumbo. Shamba la minazi aliloachiwa na marehemu mumewe liliuzwa.

Yu hai, tunashukuru. Homa humrudia mara kwa mara na anakula kwa kupimiwa.

Daktari aliyemfanyia hakuwa mlevi wala mla rushwa. Ni mtu wa heshima, na kwa kisu alikuwa ameokoa watu wengi, mmoja wao binamu yetu aliyepasuka kidole tumbo. Alikuwa amekwenda kozi ya siku tatu nje ya nchi, cheti kikawekwa fremu. Alimwambia kaka yangu kwa mdomo wake, bila kuulizwa, kwamba shangazi alikuwa mgonjwa wake wa nne. Wa nne! Hakuwa na mtu wa kusimama naye. Aliyeleta mashine alikwishapiga picha na kuondoka.

Wenzetu wa Muscat watakuwa wameusikia msemo wa Waarabu kwamba fulani anajifunza kuumika kwenye vichwa vya mayatima. Mwenye baba na mama hakubali mwanawe achanjwe na kupigwa chuku na mwanagenzi, basi mwanagenzi anamtafuta yatima. Hebu tujiulize, katika dunia hii yatima ni nani? Wale wagonjwa wa New York walipata idara ya serikali iliyowasemea. Shangazi yangu hakujua hata kwamba lipo swali la kuuliza.

Wanaosema nawaonea madaktari wa kwetu, na ukumbini walikuwepo, nawaomba watazame Waingereza walifanyaje. Hapa, mwaka 2006, taasisi ya NICE, ambayo ndiyo inayoamua matibabu gani hospitali za umma zitoe, ilikubali kwamba saratani ya utumbo mpana inaweza kuondolewa kwa laparoskopi. Kwa kawaida NICE ikikubali jambo hospitali hutakiwa kulitekeleza ndani ya miezi mitatu. Safari hii serikali ikasema ngojeni. Mashine zilikuwepo na pesa zilikuwepo. Watu waliofundishwa ndio hawakutosha. Mwaka 2008 ukaanza mpango wa taifa wa mafunzo, na waliofundishwa si vijana waliotoka chuoni. Walikuwa mabingwa tayari, wengine wenye mvi, wakarudi kuwa wanagenzi. Mkufunzi anakuja hospitalini kwako au wewe unakwenda kwake, mnaoshana mikono, anakusahihisha mbele ya wauguzi wako. Mwisho unatoa video mbili za operesheni zako zisizokatwakatwa, zinatazamwa na wakaguzi wasiojua jina lako. Ukishindwa unarudia. Kabla ya mpango ule, operesheni kama 5 tu katika kila 100 za aina hiyo zilifanywa kwa kamera. Kufikia mwaka 2013 zilipita 40.

Kama Uingereza na utajiri wake iliona vyema isubiri mikono iive, sisi tuna haraka ya wapi?

Najua jibu litakalokuja: mafunzo ni ghali. Ni kweli kwa sehemu, lakini sehemu ya kwanza ya mafunzo haya ni rahisi kuliko simu nyingi zilizokuwa mezani siku ile. Kinachotakiwa ni sanduku. Boksi la kawaida lenye kamera ndani, matundu mawili juu, vyombo virefu viwili, na skrini. Ndani unaweka vitu vidogo: vigingi, pete za mpira, kipande cha shashi chenye duara la kukata, uzi wa kufunga fundo. Wamarekani walianzisha mtihani wao wa ustadi wa msingi mwaka 2004, na sehemu yake ya vitendo ni kazi tano tu za namna hiyo: kuhamisha vigingi kutoka mkono huu kwenda huu, kukata duara, kutupa kitanzi, kufunga fundo kwa nje na kufunga fundo kwa ndani. Zinapimwa kwa saa na kwa makosa. Baadaye bodi yao ya upasuaji ikaamua kwamba bila kuufaulu hupati ubingwa wa upasuaji wa jumla. Kazi tano za mtoto wa chekechea, utasema. Zijaribu.

Faida yake imepimwa. Huko Yale, mwaka 2002, madaktari wanafunzi 16 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja likafunzwa kwanza kwenye mashine ya kuigiza mpaka lifikie kiwango cha wapasuaji wazoefu, jingine likafuata mafunzo ya kawaida. Walipoingia thieta, ambao hawakupitia mashine ile walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuujeruhi mfuko wa nyongo au kuchoma mahali pasipohusika. Upo pia uchunguzi wa New York wa mwaka 2007 kwa wapasuaji 33, ulioonesha kwamba waliowahi kucheza michezo ya video zaidi ya saa tatu kwa wiki walikosea kwa asilimia 37 pungufu na kumaliza kazi kwa haraka zaidi. Mwanangu wa kiume ameukariri uchunguzi huo na hunisomea kila ninapomwambia azime.

Basi sanduku ni mwanzo. Baada ya sanduku unahitajika mtu, na hapa ndipo nina ugomvi na kambi za upasuaji zinazopendwa sana na vyama vyetu. Madaktari wageni wanakuja kwa wiki mbili. Wanafanya wagonjwa arobaini, tunatumiwa picha, tunapiga vigelegele. Ukiitazama vizuri ile picha utamwona daktari mwenyeji pembeni, ameshika kamera. Amewashikia wageni kamera wiki mbili. Wakishaondoka, wameondoka na mikono yao. Wapasuaji wa zamani walikuwa na usemi wao, tazama moja, fanya moja, fundisha moja. Mwenyeji wetu ametazama arobaini na hajafanya hata moja. Kambi yenye maana ni ile ambayo mgeni ndiye anayeshika kamera na mwenyeji ndiye anayekata, hata kama watafanya wagonjwa kumi tu badala ya arobaini, na mgeni yuleyule akarudi baada ya miezi mitatu kwa daktari yuleyule.

Na si lazima mgeni atoke mbali. Jirani zetu wametuonesha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale, mashariki mwa Uganda, Daktari Benjamin Warf aliona watoto wenye vichwa vikubwa wakiwekewa mipira ya kupitishia maji, mipira inaziba, na mama yuko siku mbili za basi kutoka hospitali. Akaendeleza njia ya kupitisha kamera nyembamba ndani ya kichwa, kutoboa tundu ili maji yapate njia yake, na kuchoma tishu zinazotengeneza maji hayo. Mtoto habaki na mpira. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 100 wa palepale Mbale, ukaonesha kwamba mwaka mmoja baadaye hapakuwa na tofauti kubwa ya ukuaji kati ya waliofanyiwa hivyo na waliowekewa mpira.

Kwangu mimi jambo la kutazama ni namna elimu ilivyopita. Warf aliwafundisha Waganda, akaondoka mwaka 2006, na kazi haikusimama. Madaktari wa nchi nyingine wakawa wanakwenda Mbale kujifunza, tena wanakaa wiki kadhaa, si siku tatu, na vifaa vinakwenda kwa aliyefundishwa. Warf mwenyewe aliipeleka njia hiyo Boston. Yaani Wamarekani wamepokea upasuaji wa kamera kutoka Mbale, halafu sisi bado tunaamini utaalamu unasafiri kwa kontena kutoka Southampton.

Tangu Oktoba 2023 kipo pia kituo cha IRCAD pale Kigali, tawi la taasisi ya Strasbourg iliyoanzishwa mwaka 1994 na Profesa Jacques Marescaux, kwa kazi hii hasa ya kufundisha upasuaji wa matundu madogo. Makao makuu ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha mashariki, kati na kusini mwa Afrika kilichoanzishwa mwaka 1999, yako Arusha, na wanafunzi wake husomea ubingwa wakiwa kwenye hospitali za nchi zao. Kutoka Tanga kwenda Kigali hakuhitaji viza ya Uingereza, wala miezi sita ya barua za ubalozi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chama ni hili, na nalitoa hadharani ili lisizimwe kwa kicheko. Zile pauni elfu ishirini na tano zisinunue mashine kwanza. Zinunue masanduku manne ya mazoezi. Zilipie mafunzo ya timu nzima: daktari mmoja peke yake hafui dafu. Anahitajika mtoa dawa ya usingizi anayejua tumbo likijazwa gesi moyo na mapafu vinasumbuliwaje. Anahitajika muuguzi anayejua kuosha vile vyombo vyenye matundu membamba ambamo damu hukauka. Anahitajika fundi wa vifaa tiba, tena huyu tunamsahau daima. Nimeiona kwa macho yangu, kwenye hospitali nyingine huko nyumbani, mashine ya namna hii imefunikwa shuka la maua kwenye stoo kwa sababu balbu iliungua na hakuna aliyejua itaagizwa wapi. Nikaambiwa inasubiri wafadhili.

Kisha pesa zilipie nauli ya mkufunzi, arudi na arudi tena, mpaka daktari afikishe ile hesabu. Mashine ikodiwe au iazimwe wakati wa mafunzo, na inunuliwe siku mkufunzi atakapotia saini kwamba huyu sasa anaweza kuachiwa. Umeme wa akiba uwepo kabla. Televisheni ikizima ghafla vyombo vikiwa tumboni, hata mimi niliyezoea nisingependa kuwa chumbani humo. Na liwepo daftari, kila mgonjwa aandikwe na kilichompata baada ya siku thelathini, kibaya na kizuri. Bila daftari tutabaki na picha za makofi.

Wizara nayo ina lake. Daktari aliyefundishwa kwa gharama za watu anaporudi akapangiwa utawala, vikao na semina, mkono unasahau. Ustadi huu ni kama kuogelea baharini, si kama cheti cha ndoa.

Na wewe msomaji wa nyumbani, siku ukiambiwa utafanyiwa upasuaji wa matundu, muulize daktari wako kwa adabu: "Daktari, umekwishafanya ngapi za hivi? Ukiona haiendi, utafungua?" Hapa Uingereza wagonjwa wanauliza kila siku na hakuna anayenuna. Daktari mzuri atakujibu. Akikasirika, amekujibu pia.

Jumamosi iliyopita nilimwendea Mwenyekiti nyumbani kwake. Nilikuwa nimetengeneza sanduku langu mwenyewe kwa boksi la viatu, kamera ndogo ya kompyuta na vyombo viwili vilivyokwisha muda ambavyo kazini vilikuwa vinatupwa. Ndani nikaweka visahani viwili na maharagwe kumi. Nikamwambia, "Mzee, hamisha maharagwe kutoka kisahani hiki kwenda kile." Akacheka, akavaa miwani, akakunja mikono ya shati. Mkewe alikuja na chai akasimama nyuma yake anatazama televisheni. Dakika kumi na moja zikapita. Maharagwe mawili yalifika, moja lilirukia chini ya kochi, na shati la Mwenyekiti lilikuwa limelowa mgongoni.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza kama naweza kumwachia boksi mpaka mkutano ujao, kwa sababu yule mzee wa safu ya mbele naye anatakiwa alijaribu.